Hela ya uzeeni na hela ya kukosa kazi: ninakula mara mbili?

Dada mshauri,

Habari za kazi. Nina miaka 63, kwa hiyo shikamoo leo sitoi, naipokea. Ila maarifa hayana mkubwa, ndiyo maana nimekaa chini kukuandikia.

Nimeishi Marekani miaka 21. Miaka 11 ya mwisho nilikuwa ghalani, nafungasha mizigo ya watu wanaonunua vitu mtandaoni. Mwaka jana nilipotimiza 62 magoti yalianza kunigomea, nikaomba kupunguziwa zamu, nikabaki na saa 22 kwa wiki. Pengo likawa kubwa. Nikaomba hela ya uzeeni ya Social Security, na mafao yangu yakaanzia Februari mwaka huu wa 2025. Napata dola 1,026 kwa mwezi. Waliniambia nikingoja hadi miaka 67 ningepata 1,400, lakini 67 iko mbali na kodi ya nyumba iko tarehe moja.

Septemba wakatuita kwenye chumba cha kulia chakula, wakatuambia ghala linafungwa. Nilirudi nyumbani na kikombe changu cha chai na viatu vya akiba kwenye mfuko wa plastiki. Jioni ile mwanangu akakaa mezani na simu yake, akawa ananijazia maombi ya hela ya kukosa kazi. Yeye anasoma Kiingereza, mimi najibu Kiswahili. Kufika mahali wanauliza kama napokea pensheni au malipo yoyote ya kustaafu, akaniuliza, "Mama, ghalani wanakulipa pensheni?" Nikasema hapana. Akabonyeza hapana, tukaendelea. Habari ya Social Security hakuniuliza, wala mimi sikumkumbusha. Kwetu sisi pensheni ni ile anayolipwa mwalimu au askari aliyestaafu, siyo hii.

Sasa nalipwa dola 210 kwa wiki, hii ni wiki ya saba. Jumapili iliyopita nikamweleza mwenzangu mmoja wa kwaya, akashika kichwa. Akasema nakula mara mbili, serikali ikinikuta nitarudisha zote na huenda nikafungwa. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa kuku.

La pili ni baba watoto. Ana miaka 58, alikuwa dereva wa gari la kusambaza vifurushi kwa zaidi ya miaka 12. Mwezi Machi aliteleza kwenye barafu hapa ngazini kwetu, akaumia mgongo, akapasuliwa. Daktari amesema asinyanyue kitu kinachozidi pauni 10, anaweza kukaa lakini ainuke mara kwa mara. Kazini walimngoja mpaka Julai, wakamwachisha. Agosti akaomba mafao ya ulemavu, mpaka leo kimya. Marafiki zake wengine wanamwambia aombe hela ya kukosa kazi wakati anasubiri, ni haki yake. Wengine wanasema akiweka jina lake kule tu, kesi ya ulemavu imekufa. Ananiuliza mimi, na mimi nakuuliza wewe.

Halafu nina kama dola 6,000 kwenye 401(k), ile akiba ya uzeeni niliyowekewa ghalani. Nikizitoa sasa kuna ubaya?

Naomba jimbo langu usilitaje.

Mama Asiyelala

*

Shikamoo mama. Mpe mzee pole ya mgongo.

Nianze na la usingizi. Kupokea mafao ya uzeeni ya Social Security na mafao ya kukosa ajira kwa wakati mmoja si kosa. Sheria ya nchi haikatazi. Mwenzako wa kwaya amechanganya mambo mawili: kupokea hela mbili, ambako hakuna tatizo, na kujibu swali vibaya, ambako tatizo lipo, tena dogo kuliko unavyoliona usiku, na linarekebishika. Nitalifikia.

Hili la "kula mara mbili" nalisikia sana, hasa kwetu tuliolelewa kuamini kwamba hela ya serikali ni ya kuombewa na mtu akipewa asishike na nyingine. Hebu tazama karatasi zako za mshahara za miaka 11. Kila malipo, asilimia 6.2 ilikatwa kwenda Social Security, na mwajiri akaweka 6.2 nyingine juu yake. Hiyo ndiyo hela ya uzeeni, na umeilipia. Ile ya kukosa kazi ni bima nyingine kabisa, inayochangiwa na waajiri. Ni majimbo matatu tu, Alaska, New Jersey na Pennsylvania, ambako mfanyakazi naye anakatwa kidogo. Mtu mwenye bima ya gari na bima ya nyumba, vyote vikiungua, hakuna anayemwambia amekula mara mbili. Na kwa taarifa ya kwaya, mifuko yote miwili ilizaliwa kwenye sheria moja, ile aliyosaini Rais Franklin Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935. Ni ndugu wa tumbo moja, na waliozitunga walijua kwamba mtu anaweza kuwa mzee na pia kuachishwa kazi.

Tena Social Security hawaihesabu hela ya kukosa kazi kama kipato cha kazi. Hili ni muhimu kwako kwa sababu hujafika 67. Aliyechukua mapema akiendelea kufanya kazi ana kikomo: kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 23,400. Ukivuka, wanazuia dola 1 kwa kila dola 2 za ziada. Kwa mwaka 2026 kikomo kimepanda hadi 24,480. Lakini kinachopimwa ni mshahara au faida ya biashara yako, basi. Hizo 210 za kila wiki hazimo. Ukipata kazi nyingine hapo ndipo uanze kuhesabu, na hata kikizuiliwa kitu, ukifika 67 wanapiga hesabu upya na kukuongezea kwa ile miezi waliyokushikia.

Upande wa pili, yaani jimbo kukupunguzia hela ya kukosa kazi kwa sababu unalipwa ya uzeeni, ndiko kwenye historia. Sheria ya taifa inayataka majimbo yapunguze mafao ya mtu anayelipwa pensheni iliyogharamiwa na mwajiri yule yule aliyemwachisha. Ila inayaruhusu yazingatie kile ambacho mfanyakazi mwenyewe alichangia. Kwa Social Security wewe ulichangia nusu, kwa hiyo jimbo moja baada ya jingine yaliacha kupunguza. Illinois na Minnesota yalikuwa miongoni mwa yaliyochelewa, yakikata nusu ya Social Security kutoka kwenye hela ya kukosa kazi, nayo yaliacha. Ndiyo maana nategemea kwamba kwako zile 210 zitabaki 210.

Sasa lile swali la mezani.

Nimekaa na akina mama na akina baba wengi kwenye fomu hizi, na nakwambia neno linalotuangusha ni hilo hilo, pensheni. Sisi tukisikia pensheni tunamwona mzee amevaa suti anakwenda benki mwisho wa mwezi. Fomu ikisema malipo ya kustaafu inamaanisha chochote, na majimbo mengine yanauliza Social Security kwenye mstari wake peke yake, mengine yanaitumbukiza humo humo. Mwanao alikosea kutafsiri na wewe hukusema. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Lakini kosa lisilokusudiwa lina umri wake, mama. Wiki ya kwanza ni kutokujua. Ukishajua, halafu ukathibitisha (yaani kujibu yale maswali ya kila wiki ili ulipwe) wiki ya nane, ya tisa na ya kumi ukiwa kimya, linaanza kubadilika sura. Sheria ya taifa inayalazimisha majimbo yamtoze mtu aliyedanganya adhabu isiyopungua asilimia 15 juu ya kile alichozidishiwa, na majimbo mengi yanamnyima pia mafao ya mbele. Asiyedanganya hayumo humo. Anaweza kudaiwa kilichozidi tu, kama kipo.

Kwa hiyo kabla hujathibitisha wiki ijayo, piga simu ofisi ya ajira ya jimbo lako, au tumia sehemu ya ujumbe kwenye akaunti yako kama ipo, useme hivi: nilipojaza maombi sikuelewa swali la malipo ya kustaafu, napokea Social Security dola 1,026 kwa mwezi tangu Februari, naomba mrekebishe. Usitoe hadithi ndefu. Andika tarehe, saa, na jina la uliyeongea naye. Na omba mkalimani wa Kiswahili. Wasikutoze hata senti. Social Security nao wanatoa mkalimani bure kwa simu na ofisini. Mwanao ni mtoto mzuri, ameacha mambo yake kukusaidia, lakini kujua Kiingereza cha shule na kujua Kiingereza cha fomu ni vitu viwili.

Baada ya hapo huenda ukaletewa barua. Ikija, isome siku hiyo hiyo, usiiweke juu ya friji. Ikisema unadaiwa na huridhiki, kuna muda wa kukata rufaa, na kwa hela ya kukosa kazi muda huo ni mfupi sana. Tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye barua yenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wastaafu wa nusu kama wewe wanajikwaa nalo. Hela ya kukosa kazi analipwa anayeweza kufanya kazi, aliye tayari, na anayeitafuta. Kupokea mafao ya uzeeni hakusemi kwamba umeacha kazi. Kunasema umefika umri. Lakini ukijibu simu ya mwajiri ukamwambia "aah, mimi nimeshastaafu", au ukakataa kazi inayokufaa kwa sababu hiyo, mafao yatakatika na watakuwa na haki. Kama unataka kazi ya saa 22 tu, ulizia kanuni ya jimbo lako, maana mengine yanakubali anayetafuta kazi ya muda na mengine yanataka uwe tayari kwa ya kutwa. Nunua daftari. Tarehe, mahali ulipoomba, kazi gani, uliombaje, walijibu nini. Mama mmoja niliyemsaidia alikuwa anabandika humo hata vipande vya karatasi alivyoandikiwa namba na wasimamizi wa maduka. Alipoitwa kuhojiwa, aliliweka daftari mezani likiwa limevimba kama mkate, mahojiano yakaisha mapema.

Kuhusu zile 6,000 za ghalani, usizitoe mkononi kabla hujauliza. Ukizihamisha moja kwa moja kwenda akaunti nyingine ya akiba ya uzeeni, sheria ya mwaka 2006 imesema wazi kwamba kuhamisha huko kusipunguze mafao ya kukosa ajira. Ukizichukua taslimu ni habari nyingine: zinahesabiwa kipato kwenye kodi, na kwa kuwa zinatoka kwa mwajiri huyo huyo, jimbo linaweza kuzitazama kama malipo ya kustaafu aliyogharamia yeye.

Kodi nayo usiisahau. Hela ya kukosa kazi inatozwa kodi ya taifa, na Januari utaletewa fomu 1099-G. Ukitaka wakate asilimia 10 mapema, unaomba kwa fomu W-4V au fomu ya jimbo. Na Social Security yenyewe inaanza kuguswa pale ambapo nusu yake, mkijumlisha na mapato yenu mengine, inapita dola 32,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Mshahara wako hadi Septemba, wa mzee hadi alipoacha, hizo 210 za kila wiki, nusu ya Social Security yako: kaeni na kalamu mjumlishe. Mtakuwa karibu na mstari. Mstari huo haujasogezwa tangu uanze kutumika mwaka 1984, ndiyo maana watu wa kipato kidogo wanazidi kuangukia ndani.

Neno moja ambalo hukuliuliza. Ulichukua mapema kwa miezi 52 kabla ya 67, ndiyo maana 1,400 imekuwa 1,026, na upungufu huo ni wa maisha. Sheria inakuruhusu mara moja tu kufuta maombi kwa fomu SSA-521 kabla miezi 12 haijapita, kana kwamba hukuwahi kuomba, ila unarudisha kila kitu. Kuanzia Februari hadi Oktoba ni miezi 9, dola 9,234. Mwenye hela hizo benki hasiti. Kwako sioni zitoke wapi, wala sikushauri ukope, lakini dirisha hilo linafungwa karibuni na ni afadhali lifungwe ukilijua. Ukifika 67 kuna mlango mwingine: unaweza kusimamisha malipo, na kila mwaka unaosubiri hadi 70 yanakua kwa asilimia 8.

Sasa mzee, na hapa naomba akae asikilize mwenyewe.

Marafiki wa pande zote mbili wamekosea. Social Security hawana kanuni inayosema aliyechukua hela ya kukosa kazi hapati ulemavu. Msimamo wao kwa majaji wao ni kwamba hilo ni jambo moja kati ya mengi ya kupimwa. Lakini kusema "ni haki yako, omba tu" nako ni kumtupa mtu mtoni. Hela ya uzeeni inauliza umri. Hela ya ulemavu inauliza mwili, na ile ya kukosa kazi nayo inauliza mwili. Kila wiki jimbo litamuuliza: wiki hii uliweza na ulikuwa tayari kufanya kazi? Na kwenye faili la Social Security ameshasema hawezi kufanya kazi ya maana kwa angalau miezi 12. Kazi ya maana kwa mwaka 2025 ilikuwa ile ya kuingiza zaidi ya dola 1,620 kwa mwezi. Siku moja mbele ya jaji, karatasi hizo mbili zitawekwa mezani upande kwa upande, na jaji atamuuliza kwa upole ipi ni ya kweli.

Swali zuri ni kama zote mbili zinaweza kuwa za kweli. Zinaweza, na kwa mtu wa miaka 58 zinaweza kuliko kwa kijana. Social Security wana majedwali yanayotazama umri, elimu na aina ya kazi uliyozoea. Mtu wa miaka 35 aliyebakiwa na uwezo wa kazi ya kukaa kitini kwa kawaida ataambiwa nenda ukafanye. Aliyefika 55 na kuendelea, asiyeweza kurudi kwenye kazi zake za nyuma, asiye na ujuzi wa kuhamishia ofisini, anaweza kuhesabiwa mlemavu kisheria hata kama bado anaweza kukaa na kufanya kazi nyepesi. Dereva wa vifurushi aliyekuwa ananyanyua maboksi kutwa, leo pauni 10 ndiyo mwisho wake: hapo ndipo alipo mzee. Anaweza kuwa mkweli akisema yuko tayari kujaribu kazi ya kukaa akipatikana wa kumpa, na bado akawa mlemavu kwa kanuni za Social Security.

Mahakama Kuu ya Marekani iliwahi kukutana na jambo la jamii hii mwaka 1999, katika kesi ya mwanamke aliyepata kiharusi, akalipwa mafao ya ulemavu, na pia akamshtaki mwajiri wake kwamba angeweza kufanya kazi kama angesaidiwa. Kampuni ikasema anajipinga. Majaji wote wakasema madai hayo mawili hayagongani yenyewe kwa yenyewe, lakini anayeyatoa lazima aeleze yanakaaje pamoja. Haikuwa kesi ya hela ya kukosa kazi, ila wazo ni hilo hilo, na mzee alibebe: awe na maelezo, na yawe yale yale kila mahali.

Kwa vitendo, akiomba, asiseme naweza kazi yoyote. Aseme siwezi kuendesha gari la mizigo, siwezi kunyanyua kinachozidi pauni 10, naweza kazi ya kukaa yenye kuinuka mara kwa mara, na aambatishe barua ya daktari wake. Kisha aombe kazi za aina hiyo tu. Akijaza kwamba ameomba kazi ya ukuli bandarini ili kutimiza idadi ya wiki, amejichongea mwenyewe, maana kumbukumbu hizo zinaweza kusomwa na jaji. Na kama ukweli wake, usiku akilala na mto chini ya kiuno, ni kwamba hata kazi ya kukaa hawezi, basi asiombe. Hapo hakuna namna ya kujibu lile swali la kila wiki bila uongo, na dola mia mbili tatu za wiki hazilingani na mafao yatakayomlipa mpaka uzeeni.

Jimbo nalo linaweza kumkatalia kwa sababu zake, likisema kizuizi cha daktari kinamfanya asiwe tayari kwa kazi. Kukataliwa huko hakuharibu kesi ya ulemavu.

Mnajua kama ana alama za kutosha, zile ambazo Social Security humhesabia mtu kwa kazi aliyoichangia? Kwa umri wake anahitaji kama 36, nne kwa mwaka wa kazi, na 20 kati yake ziwe za miaka 10 iliyopita. Kwa zaidi ya miaka 12 ya udereva anazo. Nalisema kwa ajili ya msomaji mwingine ambaye hana, na ataangukia kwenye SSI, ile ya wenye kipato kidogo. Huko hesabu ni ngumu: baada ya dola 20 za kwanza, kila dola ya kukosa kazi inapunguza dola ya SSI, na kipato cha mwenzi kinaangaliwa. Kwa mafao ya ulemavu yanayotokana na michango, hela ya kukosa kazi haipunguzi kitu. Angeumia kazini na kulipwa fidia ya kuumia, hapo kungekuwa na punguzo. Yeye aliangukia ngazini kwenu, kwa hiyo tuliache.

Aliumia Machi. Miezi mitano kamili ya kusubiri, Aprili hadi Agosti, hailipwi, hivyo akikubaliwa kuanzia tarehe hiyo mafao yanahesabiwa tangu Septemba. Kimya cha miezi mitatu si cha kutisha; wengi wanasubiri zaidi. Akikataliwa mara ya kwanza, na wengi hukataliwa, asianze maombi mapya. Ana siku 60 za kukata rufaa.

Kabla hajagusa fomu ya kukosa kazi aongee na wakili wa kesi za ulemavu. Wengi wao hawachukui kitu mwanzoni. Wakishinda, chini ya mkataba wa kawaida, wanalipwa asilimia 25 ya malimbikizo, isiyozidi kikomo kilichowekwa, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 9,200. Wakishindwa, hawalipwi ada. Ofisi za msaada wa sheria pia zipo kwa wasio na uwezo. Amuulize swali moja: kwa hali ya faili langu, nikiomba hela ya kukosa kazi nijieleze vipi? Na asikawie, maana hela ya kukosa kazi kwa kawaida huanzia wiki unayoomba, na zilizopita hazirudishwi kirahisi.

Wewe mama, simu yako ni ya Jumatatu asubuhi. Weka karibu barua ya Social Security inayoonyesha 1,026, namba yako ya madai, na lile daftari. Mwanao akae pembeni kama shahidi, lakini anayezungumza awe wewe na mkalimani. Ukishajibiwa, niandikie walisemaje.